Sampuli Imeharibika: Kusaka Chanzo kwa Wanaokusanya Viumbe Lamu

Siku unayoiona sampuli imeharibika si siku ilipoharibika. Samaki aliyepasuka tumbo chupani mwezi wa pili aliharibiwa mchana ule ule alipotolewa majini, na jani lililoota kuvu mezani lilikuja na maji yake kutoka mikokoni. Kwa hiyo kosa hutafutwa kwa kurudi nyuma. Na kwa hali ya hewa ya Lamu, mahali pa kuanzia ni maji: yaliyobaki ndani ya kiumbe, yaliyomo hewani, au yanayovutwa na chumvi. Hata chumvi ya mezani huku hugandamana ikawekewa punje za mchele. Sampuli yenye chumvi haitapata nafuu.

Kabla ya kufungua chupa au sanduku, jiulize mambo manne. Kiumbe kilikaa muda gani kati ya kufa na kutiwa dawa? Dawa ilikuwa kiasi gani ukilinganisha na nyama? Ilichanganywa na maji ya wapi? Na tangu hapo sampuli imekaa chumba gani? Matatizo mengi yaliyo hapa chini hujibiwa na moja kati ya hayo.

Samaki amelainika, tumbo limepasuka, chupa inanuka

Harufu ya uvundo ndani ya formalini ina maana moja tu: dawa haikufika ndani. Formalini hupenya nyama polepole, magamba yanaichelewesha zaidi, na huko tumboni vimeng'enya vya kusaga chakula vinaendelea na kazi yao kama samaki yu hai. Nje anakauka, ngozi inakaza, lakini ukimbonyeza tumbo kidole kinazama. Walaji mwani kama tafi na pono huwa wa mbele kupasuka, kwa kuwa utumbo wao ni mrefu na mara nyingi umejaa.

Chanzo cha kwanza ni jua. Mashua ikitoka upande wa Kiwayu bila barafu, samaki akilala ngamani saa tano, hakuna dawa itakayorudisha utumbo wake. Chukua barafu, na usiitumie kavu: vipande vitupu huacha mianya ya hewa. Changanya na maji ya bahari mpaka iwe kama uji, kisha zamisha samaki. Atapoa haraka zaidi.

Chanzo cha pili ni uchoyo wa dawa. Chupa iliyoshindiliwa samaki hadi shingoni haihifadhi kitu. Wakati wa kukaza nyama kwa formalini, dawa iwe mara 10 ya ujazo wa samaki. Ukikosa, usishuke chini ya mara 3, na ubadilishe dawa yote siku ya pili.

Chanzo cha tatu ni hesabu, na hapa hata wazoefu hujikwaa. Formalini ya dukani ina fomaldehaidi ya asilimia 37 hadi 40. Ile inayoitwa "formalini asilimia 10" hupatikana kwa kuchukua sehemu 1 ya hiyo ya dukani na sehemu 9 za maji. Anayedhani atafute fomaldehaidi ya asilimia 10 huchanganya kali mno, samaki akatoka kama kipande cha boriti. Anayekuta chupa iliyokwisha kuchanganywa na mwenzake, akaichanganya tena, hubaki na maji yenye harufu tu. Andika kwenye chupa: imechanganywa, tarehe, kiasi.

Utaratibu unaozuia yote hayo ni huu:

1. Ua kwa upole. Mafuta ya karafuu yanafaa na si ya kutafutwa mbali katika pwani hii: sehemu 1 ya mafuta katika sehemu 9 za ethanoli (pombe ya maabara), kisha mililita 4 za mchanganyiko huo kwa kila lita ya maji ya bahari. Mashavu yakiacha kucheza, ngoja dakika 10 zaidi.
2. Piga picha, kisha kata kipande cha pezi la kifuani upande wa kulia kwa ajili ya DNA. Baada ya formalini umechelewa.
3. Kwa sirinji ya mililita 10, ingiza sindano karibu na tundu la haja na usukume dawa mpaka tumbo likaze, lakini lisitune kama puto. Ongeza sehemu tatu au nne kwenye misuli minene ya mgongo.
4. Samaki anayezidi sentimita 15, mpasue tumbo upande wa kulia. Ubavu wa kushoto haukatwi wala hauchomwi. Huo ni wa picha, vipimo na kuhesabu magamba.
5. Mlaze kwenye sinia pana, mapezi yamekunjuliwa. Anayekomaa ndani ya chupa ya duara atabaki na mkia uliopinda maisha yake yote, na urefu wake hautapimika tena.
6. Samaki wa sentimita 10 siku 2 hadi 3. Wa sentimita 20 hadi 30 wiki nzima au zaidi. Mbonyeze tumbo: likiwa bado kama kinyunya, mwache.
7. Mloweke kwenye maji baridi siku moja au mbili ukibadilisha maji mara kadhaa, kisha ethanoli ya asilimia 30, 50 na 70, siku moja kila hatua.

Ukimshika tafi kwenye hatua ya tatu, kumbuka miiba 13 ya mgongoni na 7 ya chini. Ina sumu hata baada ya samaki kufa, na glavu nyembamba haziizuii.

Na aliyekwisha oza? Nyama achana nayo. Mifupa na vijiwe vya sikio bado vinaweza kuokolewa ikiwa dawa haikuwa na tindikali. Vitoe, vioshe kwa maji baridi, vikaushe, viandikie namba ile ile.

Formalini husababisha saratani. Kazi hii ifanyike barazani au juu ya dari penye upepo, wewe ukiwa upande unaotoka upepo, na glavu na miwani. Chumba cha ndani cha nyumba ya mawe, chembamba na kirefu, hakifai hata kidogo. Dawa iliyotumika haimwagwi baharini wala kwenye mfereji wa mtaa: ikusanye kwenye dumu lenye maandishi uirudishe maabara.

Dawa imegeuka nyeupe kama maziwa

Ikiwa dawa ni ya pombe, yaani ethanoli au spiriti, kabla ya kumlaumu kiumbe fanya jaribio la gilasi mbili. Katika ya kwanza changanya dawa ile ile na maji yale yale, bila sampuli. Katika ya pili tumia dawa ile ile na maji ya betri (yale ya kuongezea, si asidi).

Zote mbili zikigeuka maziwa, tatizo ni spiriti. Spiriti ya kusafishia vidonda au ya kuwashia jiko mara nyingi imetiwa vitu vya kuizuia isinywewe, na baadhi ya vitu hivyo, yakiwemo mafuta, hujitenga mara maji yanapoingia. Sampuli haitaoza kwa sababu ya weupe huo, lakini hutaona kitu ndani ya chupa, na kwa DNA spiriti hiyo ni ya kuepuka. Tafuta ethanoli ya maabara.

Ya kwanza tu ikigeuka, tatizo ni maji. Maji ya visima vingi vya visiwani yana chumvi na chokaa, na vitu hivyo haviyeyuki vizuri kwenye pombe. Ya jabia (birika la kuhifadhia maji) ni ya mvua, lakini yamekaa ndani ya kuta za chokaa au saruji. Kinga mvua moja kwa moja kwa ndoo safi, baada ya dakika za mwanzo kuosha paa, au nunua maji ya betri.

Gilasi zote mbili zikiwa safi, basi weupe umetoka kwenye kiumbe: mafuta na protini. Badilisha dawa, yatakwisha.

Formalini ina mambo yake mawili. Ikiwa na machicha meupe chini ya chupa ya dukani, fomaldehaidi imeanza kugandamana, jambo linalotokea ikikaa sana au ikipata baridi. Iliyobaki juu ni hafifu kuliko ilivyoandikwa. Na ukitia unga wa fosfati ndani ya formalini iliyochanganywa na maji ya bahari, itachafuka hapo hapo, maana fosfati hushikana na kalsiamu na magnesi ya bahari. Chagua njia moja. Kwa maji ya bahari, yachuje kwa kitambaa na uyatumie peke yake. Yana uwezo wa kupunguza tindikali kwa siku chache za mwanzo. Kwa maji baridi, kila lita ya formalini asilimia 10 itiwe gramu 4 za sodiamu fosfati yenye sodiamu moja na gramu 6.5 za ile yenye sodiamu mbili, isiyo na maji ndani yake.

Kuhusu kuchanganya ethanoli: kwa lita 1 ya asilimia 70 pima mililita 730 za ile ya asilimia 96, kisha jaza maji hadi alama ya lita. Usipime 270 za maji pembeni ukazimimina, kwa kuwa vimiminika hivi viwili vikikutana hujibana, na lita haitatimia. Kipimo cha kuelea, kile cha kupimia nguvu ya pombe, nacho hudanganya kwenye joto. Kimetengenezwa kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 30 za adhuhuri husoma juu kwa takriban asilimia 3. Ukiona 70, una 67.

Kaa amemwaga miguu, jongoo bahari ametapika utumbo

Haya ni makosa ya haraka. Kaa akitiwa hai ndani ya spiriti hujikata miguu mwenyewe, ndiyo silaha yake ya kukimbia adui. Mweke kwanza kwenye barafu au friza mpaka asisogeze hata jicho, ndipo umtie dawa. Kaa koko mkubwa ana tatizo la pili: gamba halipitishi dawa, ndani anakuwa mweusi. Toboa ngozi laini iliyopo kati ya gamba la mgongo na tumbo, au mdunge spiriti hapo, na badilisha spiriti kesho yake.

Jongoo bahari anataka subira. Akishtuka hujikunja kuwa donge gumu au kutapika kila kilichomo. Yeyusha gramu 75 za magnesi kloridi (ile ya chembechembe yenye maji ndani yake) katika lita 1 ya maji baridi, changanya nusu kwa nusu na maji ya bahari, mwache humo mpaka asijikunje ukimgusa kwa penseli. Huchukua saa moja, wakati mwingine saa kadhaa. Kisha ethanoli. Usimhifadhi kwa formalini isiyopunguzwa tindikali: aina zake hutambuliwa kwa vijiti vidogo vya chokaa vilivyo ndani ya ngozi, na tindikali huviyeyusha. Utabaki na mfuko wa ngozi usio na jina, hata uwe mzuri wa kutazama.

Rangi imepotea

Itapotea. Nyekundu na njano huyeyuka kwenye pombe, nyeusi hubaki. Tiba ni picha mara tu anapotolewa majini, juu ya kitambaa cheusi kilicholowa, ubavu wa kushoto juu, rula na namba pembeni, kivulini. Kwa pono hili halina mjadala, kwa sababu anabadilika jinsia na rangi pamoja. Bila picha, dume na jike wa aina moja wataandikwa kama aina mbili.

Majani yamekuwa meusi, yameota kuvu au yamepukutika

Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, kwa hiyo tatizo hili huwapata wengi, na mikoko ni migumu kukausha kuliko mti wowote wa bara. Majani yake yamejengwa kutunza maji.

Anza na mchu, mojawapo ya aina za mikoko, maana ndio unaowachanganya watu. Umebana tawi vizuri kwenye vibanio (mbao mbili zenye magazeti katikati), gazeti umebadilisha, wiki imepita, na kila asubuhi karatasi ni mbichi tena. Gusa jani kwa ncha ya ulimi: chumvi. Mchu hutoa chumvi kupitia vinyweleo vya jani, na siku ya jua utaiona imeganda juu yake kama vumbi la chaki. Chumvi hiyo inavuta unyevu wa usiku na kuurudisha ndani ya vibanio. Suuza tawi kwa maji baridi kabla ya kubana, likung'ute, lianike kivulini nusu saa mpaka maji ya juu yakauke, ndipo ulibane. Tatizo linaisha hapo. Andika daftarini kwamba umelisuuza, kwa anayepima chumvi ya jani asije akadanganyika.

Aina nyingine mbili, mkoko wenyewe na muia, majani yake hayana chumvi ya juu, ila ni manene kama ngozi. Dalili yake ni jani linaloonekana zima kwa siku nne, kisha linadondoka lenyewe likiwa kijani. Seli zake zilikuwa bado hai ndani ya vibanio, zikajikata kwenye kikonyo kama ziwapo mtini. Chovya tawi kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache hadi dakika moja, lifute, libane. Majani yatafifia rangi kidogo lakini yatabaki mahali pake. Kama unataka DNA, chukua kipande cha jani kabla ya kuchovya.

Weusi husababishwa na ukaushaji wa polepole. Siku 3 za mwanzo badilisha gazeti asubuhi na jioni, kisha mara moja kwa siku. Liwe gazeti la kawaida la kunyonya maji. Karatasi za jarida zinazong'aa hazinyonyi chochote. Kati ya kila mafungu mawili weka katoni yenye mifereji, mifereji yote ikielekea upande mmoja, na uelekeze upande huo kwenye upepo. Wakati wa kusi upepo wa barazani unatosha mchana. Usiku ingiza ndani, kwani umande utarudisha ulichokitoa.

Ukitumia joto, nyuzi 40 hadi 50 zinatosha. Sanduku la mbao lenye balbu ya kizamani ya wati 60 chini na matundu juu hufanya kazi nzuri. Balbu za kisasa za kuokoa umeme hazitoi joto la maana. Jiko la makaa chini ya vibanio tumeliona likitumika na hatulishauri. Joto halidhibitiki, majani yanaungua pembeni na kubaki mabichi katikati, na gazeti ni kuni.

Jani limekauka? Liweke kwenye shavu. Likikupa ubaridi, lina maji bado.

Mche wa mkoko unaoning'inia mtini, ule mrefu kama mkuki, haubaniki. Ukiulazimisha utavunja mbao au kuacha pengo ambamo majani ya jirani hujikunja. Upasue kwa urefu, ubane nusu moja, na nusu ya pili uikaushe kando ndani ya mfuko wa kitambaa wenye namba ile ile. Tunda la mkomafi fanya vivyo hivyo, na hesabu mbegu ukiwa umelifungua.

Kama safari ni ya siku kadhaa na hakuna namna ya kukausha mashuani, kunja matawi ndani ya gazeti, yamwagie ethanoli ya asilimia 50 hadi 70 mpaka gazeti lilowe, funga kwenye mfuko wa plastiki usiovuja. Yatakaa wiki kadhaa. Yatakuwa ya kahawia na DNA yake usiitegemee, lakini umbo litakuwepo.

Kuvu iliyokwisha ota: kausha kwanza, kisha ipanguse kwa brashi laini yenye ethanoli. Ukipangusa ikiwa mbichi unasambaza mbegu zake. Juu ya unyevu wa hewani wa asilimia 65 hivi kuvu hurudi, na Lamu hupita hapo kwa urahisi, hasa masika. Kwa hiyo baada ya kukausha, sampuli ziingie kwenye sanduku la plastiki lenye mpira kifunikoni pamoja na silika jeli (punje za kunyonya unyevu). Silika ikibadilika rangi, irudishe tanurini nyuzi 110 hadi 120 kwa saa 2. Mchele hauwezi kazi hii, usijidanganye.

Jambo moja la majina. Mkata mikoko wa Matondoni hapa Lamu atakwambia muia, wa Unguja atakwambia msinzi, mti ni ule ule. Andika jina alilokupa kama alivyolitamka, na mahali alipolitamka, lakini usilifanye jina la sampuli.

Vumbi chini ya mdudu, mafuta kwenye mabawa, miguu imeibwa

Unga laini chini ya kipepeo aliyebanwa ni kinyesi cha buu la mbawakawa mdogo anayekula ngozi kavu. Vidonge vya nafthalini humfukuza wa nje, wa ndani havimuui. Funga sanduku lote ndani ya mfuko wa plastiki, liweke friza ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki 2. Umeme ukikatika kwa saa nyingi katikati, anza kuhesabu upya. Likitoka, usifungue mfuko mpaka liwe na joto la chumba, vinginevyo jasho la hewa litaganda juu ya mabawa na utakuwa umebadilisha mbawakawa kwa kuvu.

Miguu na tumbo vikitoweka usiku mmoja bila unga wowote, hao ni sisimizi. Miguu ya meza iwekwe ndani ya mikebe yenye maji ya sabuni, na meza isiguse ukuta.

Mabawa yaliyolowa mafuta hutokea zaidi kwa nondo ambao viwavi wao hula ndani ya miti. Loweka asetoni saa kadhaa, anika. Pini zenye ukoko wa kijani ni za shaba. Tumia za chuma kisichoshika kutu.

Makombe yana unga mweupe na harufu ya siki

Chokaa ya kombe inaliwa na mvuke wa tindikali unaotoka kwenye mbao na baadhi ya karatasi ngumu, na unyevu unaharakisha. Kabati zuri la mbao, nakshi na yote, ni la vitabu. Osha makombe kwa maji baridi mpaka chumvi iishe, kausha kabisa, hamishia kwenye vyombo vya plastiki ngumu, kioo au chuma, na lebo za karatasi isiyo na tindikali.

Lebo haisomeki, au ramani inaonyesha mikoko jangwani

Wino wa biki huyeyuka kwenye ethanoli. Penseli haiyeyuki. Andika kwa penseli laini kwenye karatasi nzito ya pamba, tia lebo ndani ya chupa, wala usitegemee maandishi ya kifunikoni: vifuniko hubadilishana chupa siku ya kuosha. Herufi za printa ya leza nazo hubanduka baada ya muda ndani ya pombe, zikaelea kama nzi.

Kosa la namba ni baya kuliko la wino kwa sababu linasomeka vizuri. Mji wa Lamu uko takriban nyuzi 2.27 kusini na 40.90 mashariki. Kwenye jedwali, kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Ikidondoka, mkoko wako unaota kusini mwa El Wak, karibu na mpaka wa Somalia, mbali na bahari yoyote. Kosa la pili ni kuchanganya dakika na desimali: nyuzi 2 na dakika 16 si 2.16 bali 2.267, na tofauti hiyo ni kama kilomita 12. Chagua mtindo mmoja, uandike juu ya daftari, na kwa bahari ongeza kina na hali ya maji, kupwa au kujaa.

Maabara inasema DNA imekatika

Uliza kwanza kama kipande kiligusa formalini, hata kwa kibano. Kibano kimoja kwa kazi mbili kinatosha kuharibu. Pili, ukubwa: kipande kisizidi punje ya kunde, ndani ya ethanoli ya asilimia 95 au 96, mara 10 ya ujazo wake. Nyama hutoa maji yake na kuishusha pombe, kwa hiyo ibadilishe baada ya saa 24. Hatua hii moja ndiyo inayorukwa kuliko zote. Tatu, muda juani: turudi kwa yule samaki aliyelala ngamani bila barafu.

Majani yakaushwe kwa silika jeli, uzito wa silika mara 10 wa jani, na kesho yake jani livunjike kwa sauti. Likipinda, badilisha silika.

Makumbusho yamekataa kupokea

Sampuli nzuri isiyo na karatasi haina kwao. Leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI (tume ya kitaifa ya sayansi). Ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga unahitaji pia idhini ya KWS (shirika la wanyamapori), na mikoko iko chini ya KFS (shirika la misitu). Nakala za vibali zisafiri na sampuli. Kabla ya yote, fika kwa kamati ya BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) ya ufuo husika na uwaambie unachotafuta na idadi utakayochukua.

Zimefika Nairobi zimekauka

Chupa zilizojaa hazisafiri vizuri kwa basi kutoka Mokowe, na ethanoli inawaka, kwa hiyo usiifiche kwenye mzigo wa ndege. Mimina dawa, funika kila samaki au kaa kwa shashi iliyoloweshwa ethanoli ile ile ya asilimia 70, tia lebo ya penseli ndani ya shashi, kisha mifuko miwili ya plastiki, moja ndani ya nyingine, hewa imekamuliwa. Panga kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana. Uliza kampuni ya usafirishaji masharti yao kabla ya siku ya safari. Ndoo ikae upande usiopigwa na jua.

Ndoo ifunguliwe siku ile ile inapofika na sampuli zirudishwe kwenye ethanoli, namba moja moja zikilinganishwa na daftari. Shashi zisitupwe mpaka zikung'utwe juu ya sinia jeupe, maana miguu ya kamba wadogo hunasa kwenye nyuzi zake, na mara nyingi mguu wa tano ndio unaotofautisha aina moja na nyingine.